Barua ya wazi: pensheni iliyosamehewa ushuru iandikwe wapi?

Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya. Kwa wasimamizi wa Idara ya Pensheni katika Wizara ya Fedha. Kwa Mamlaka inayosimamia mifuko ya mafao ya kustaafu. Na kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Kila ufikapo mwezi wa Juni baraza ya nyumba yangu hugeuka ofisi ndogo, kwa kuwa wastaafu wenzangu wa mtaani, wakiwemo walimu, wauguzi, makarani wa bandari na askari, huniletea bahasha zao za kaki niwasaidie kujaza ritani ya ushuru, yaani fomu ya kueleza mapato ya mwaka, kabla ya tarehe 30. Sitozi kitu, na tangawizi ya chai huja nayo wenyewe. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na imenifikisha mahali ambapo naona ni dhambi kuendelea kunyamaza: mstaafu anayetaka kueleza pensheni yake kwa ukweli hana mahali panapoeleweka pa kuiandika, wala hana karatasi rasmi ya kushika mkononi anapoiandika, na matokeo yake ni kwamba watu waaminifu wanatia sahihi maelezo yasiyo ya kweli bila kukusudia.

Mnamo Juni 2025 alikuja mama mmoja aliyekuwa muuguzi, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba wa kitenge. Ritani yake ya mwaka 2024 alikuwa amekwisha kujaziwa kwenye saiba moja ya mjini, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, akalipa shilingi 200, akaambiwa kazi imekwisha. Alipoikunjua ile karatasi mbele yangu nikaona anadaiwa shilingi 47,200. Akaniambia, “Mwalimu, mimi hata chumvi sijawahi kumkopa jirani. Hili deni limetoka wapi?”

Lilitoka kwenye safu moja ya fomu, na naomba mnivumilie nilieleze kwa tarakimu, kwa kuwa kisa chote kimo humo. Mama huyo hupokea pensheni ya shilingi 38,500 kwa mwezi, yaani shilingi 462,000 kwa mwaka. Kwa sheria iliyotumika karibu mwaka wote wa 2024, shilingi 25,000 za kwanza za pensheni ya kila mwezi hazikutozwa ushuru, na kwa mwaka mzima kiasi hicho ni shilingi 300,000. Zilibaki shilingi 162,000. Asilimia 10 yake ni shilingi 16,200, na nafuu ya mtu binafsi, yaani kiasi anachopunguziwa mtu kwenye ushuru wake, ambayo ni shilingi 28,800 kwa mwaka, inaimeza hesabu hiyo yote na kubaki na nafasi. Mama alikuwa hadaiwi hata senti moja, na ndiyo maana wanaomlipa pensheni hawakuwa wamemkata chochote tangu Januari hadi Desemba.

Kijana wa saiba hakuyajua hayo. Alichukua taarifa ya benki, akajumlisha miezi 12, kisha shilingi 462,000 zote akaziweka kwenye safu ya mshahara kabla ya makato. Mashine nayo ikafanya kazi yake kama ilivyofundishwa: asilimia 10 ya shilingi 288,000 za kwanza, ambayo ni 28,800, asilimia 25 ya shilingi 100,000 zinazofuata, ambayo ni 25,000, na asilimia 30 ya shilingi 74,000 zilizosalia, ambayo ni 22,200. Jumla ikawa shilingi 76,000, ikaondolewa nafuu ya 28,800, zikabaki 47,200. Mtu asiyedaiwa kitu akawa na deni linalozidi pensheni yake ya mwezi mzima, na juu ya deni hilo sheria inaongeza faini ya asilimia 5 kwa kuchelewa kulipa pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Tuliirekebisha ritani ile, na baada ya muda deni likafutika. Lakini usingizi alioupoteza hakuna wa kumrudishia.

Mtaniambia kwamba kosa ni la kijana wa saiba, na sitawabishia kwa haraka. Kweli safu iliyostahili ipo. Imo katika sehemu ile ile ya mapato ya ajira, mbele ya thamani ya gari na nyumba anazopewa mfanyakazi, na kichwa chake kinasema ni ya pensheni inayozidi shilingi 300,000 kwa mwaka. Hebu itazameni safu hiyo kwa macho ya mtu asiyekuwa mhasibu. Kwanza, mstaafu aliyeacha kazi miaka 7 iliyopita hana sababu ya kujitafuta katika sehemu ya watu walioajiriwa, wala hajui aandike PIN, yaani nambari ya mlipa ushuru, ya nani panapotakiwa PIN ya mwajiri, na wengi huandika ya mwajiri wa mwisho, ambaye hata hawajibiki kwao tena. Pili, na hili ndilo zito zaidi, fomu inamtaka aandike kile kilichobaki baada ya hesabu ambayo fomu yenyewe haimwonyeshi. Hakuna mahali pa kuandika pensheni yote aliyopokea, hakuna mahali pa kuandika sehemu iliyosamehewa, na mtu anatarajiwa azitoe shilingi 300,000 kichwani mwake, aandike baki tu. Nilifundisha hesabu miaka 31. Mwanafunzi aliyeniletea jibu bila kuonyesha njia nilimrudisha kwenye dawati lake, na leo naona fomu ya serikali inawataka wazee wafanye lile nililowakataza watoto wao.

Kwa sheria hiyo ya zamani, mstaafu asiye na mapato mengine hakuanza kudaiwa ushuru mpaka pensheni yake ipite shilingi 588,000 kwa mwaka, yaani 49,000 kwa mwezi, ukijumlisha ile 300,000 iliyosamehewa na ile 288,000 ambayo ushuru wake unafutwa na nafuu. Wengi wa wanaokaa kwenye baraza yangu hawafiki huko. Waliotimiza miaka 65 nao pensheni yao ilikuwa imesamehewa yote kwa sababu ya umri. Kwa hiyo pensheni tunayoizungumzia hapa kwa sehemu kubwa haina ushuru wowote wa kudai, na bado ndiyo inayozaa madeni ya karatasi.

Kisha ikaja sheria mpya. Kuanzia tarehe 27 Desemba 2024, marekebisho ya sheria za ushuru yalisamehe malipo ya pensheni kutoka mifuko iliyosajiliwa, mipango ya pensheni ya umma na Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, kwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu kwa mujibu wa kanuni za mfuko wake, kwa aliyestaafu mapema kwa sababu ya afya, na kwa anayetoa akiba yake baada ya miaka 20 tangu asajiliwe kuwa mwanachama. Mchango wa mfanyakazi unaosamehewa ushuru nao ukapanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Nawapongeza waliolipitisha jambo hilo, na siandiki hivyo kwa adabu ya barua. Nimewaona watu wakiinua mikono kushukuru.

Lakini msamaha huo umeifanya ile safu ya pensheni inayozidi shilingi 300,000 isiwe na maana kwa walio wengi, na mkiiacha ilivyo katika ritani ya mwaka 2025, ambayo siku yake ya mwisho ni tarehe 30 Juni 2026, mtakuwa mmewawekea wazee mtego mwingine. Chukueni mzee anayepokea shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, ambazo zote sasa zimesamehewa. Akiisoma safu ile kwa uaminifu ataandika shilingi 420,000, kwa kuwa ndizo zinazozidi 300,000, na mashine itamtoza ushuru ambao Bunge limekwisha kuuondoa. Anayeifuata fomu atatozwa, na asiyeifuata atabaki akijiuliza kama amedanganya.

Ndipo linapokuja swali ambalo naomba mlijibu kwa maandishi, na ningelikuwa na ruhusa ya kuwauliza swali moja tu ningechagua hili. Mstaafu ambaye mapato yake yote ni pensheni iliyosamehewa ajaze ritani ya aina gani? Saiba nyingi humjazia ritani ya sufuri, kwa kuwa ni rahisi na inakwisha kwa dakika 5. Lakini maelezo ambayo umma umezoea kupewa ni kwamba ritani ya sufuri ni ya mtu asiye na chanzo cha mapato, kama mwanafunzi au asiye na kazi. Mzee wa shilingi 60,000 ana chanzo cha mapato, na kinaonekana benki kila mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nimewahi kubonyeza sufuri huku mkono ukisita, kwa sababu nilijua fika kwamba nimepokea fedha, na pia nilijua kwamba fedha hizo hazidaiwi kitu; fomu haikunipa njia ya kuyasema yote mawili kwa pamoja. Kusamehewa ushuru ni jambo moja na kutokuwa na mapato ni jambo jingine. Wapo pia wanaoona afadhali wasijaze kabisa, wakidhani msamaha wa ushuru ni msamaha wa ritani, na hao hukutana na faini ya kuchelewa ambayo haipungui shilingi 2,000.

Upande wa pili wapo wanaosikia redioni kwamba pensheni haitozwi tena, wakaamini kwamba wao pia wamo. Mtu aliyeacha kazi akiwa na miaka 43, mzima wa afya, mwanachama wa mfuko kwa miaka 12, akachukua akiba yake kwenda kununua matatu, hayumo katika msamaha huo. Yeye ana ushuru wa kueleza, na ni haki aelezwe mapema na wanaomlipa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye suala la karatasi. Mfanyakazi hupewa fomu ya P9 na mwajiri wake, inayoonyesha mwezi kwa mwezi alicholipwa, kilichokatwa na nafuu aliyopewa. Mstaafu anastahili kitu cha namna hiyo kutoka kwa yeyote anayemlipa, bila kukiomba na bila kupanga foleni. Mfuko mmoja unaonilipa sehemu ya mafao yangu, ambao sitautaja kwa kuwa sikuja kushtaki mtu, ulinipa karatasi ya mwaka yenye mstari mmoja tu: kiasi kilichoingia benki. Haikusema ni kiasi gani kabla ya makato, haikusema kama kuna ushuru uliokatwa, haikusema sheria gani imenisamehe. Niliporudi kuuliza, karani, kijana mstaarabu sana, alinijibu, “Mwalimu, wewe andika tu hiyo ya benki.” Ningeliandika hiyo ya benki, ningelikuwa nimeingia shimo lile lile la mama muuguzi.

Karatasi ninayoiomba haihitaji zaidi ya ukurasa mmoja. Iwe na jina la anayelipa na PIN yake, jumla ya pensheni ya mwaka, sehemu iliyosamehewa na sababu ya kusamehewa, iwe ni kufikia umri wa kustaafu, maradhi, au miaka 20 ya uanachama, sehemu inayotozwa ushuru, kama ipo, ushuru uliokatwa, na mkupuo, yaani malipo ya mara moja, uliolipwa mwaka huo uandikwe mbali na pensheni ya kila mwezi. Hilo la mkupuo nalisisitiza kwa sababu nimeona mtu aliyelipwa kiinua mgongo zamani za sheria ya kwanza, ambapo shilingi 60,000 kwa kila mwaka wa utumishi hadi kufikia shilingi 600,000 zilisamehewa, akauchanganya mkupuo wote na pensheni yake ya miezi mitatu kwenye safu moja. Deni lililotoka pale sitaki hata kulikumbuka. Kwa kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 imekwisha kumtaka mwajiri azingatie nafuu na misamaha yote anapokokotoa ushuru wa mshahara, sioni ugumu wa kumtaka anayelipa pensheni naye aonyeshe kazi yake.

Sasa naomba nizungumze na Baraza la Watu Wenye Ulemavu pamoja na Mamlaka ya Ushuru kwa wakati mmoja, kwa sababu mkanganyiko uliopo kati ya pensheni ya maradhi na msamaha wa ulemavu hauwezi kutatuliwa na mmoja wenu peke yake.

Jirani yangu mwingine alikuwa karani bandarini, akakatwa mguu baada ya ajali, na jopo la madaktari likapendekeza astaafu. Pensheni yake imesamehewa kwa kuwa alistaafu kwa sababu ya afya. Ana pia duka la vipuri vya baiskeli, na ana kadi yake ya usajili wa ulemavu, ambayo huiweka ndani ya kifuko cha plastiki shingoni kama kitambulisho cha kazi. Kwa miaka aliamini kwamba kadi ile ndiyo msamaha wa ushuru, na kwamba imefunika duka pia. Nilipomwambia kadi ni ya usajili tu, na kwamba msamaha wa ushuru una cheti chake ambacho huombwa kwa Mamlaka ya Ushuru kwa kuambatanisha kadi hiyo na ripoti ya daktari wa hospitali ya serikali, alinitazama kama ninayemnyang'anya mguu wa pili.

Kuna misamaha miwili hapo, na kila mmoja una mlango wake. Wa kwanza unaifuata pensheni: fedha zile zimesamehewa kwa sababu ya namna mtu alivyoacha kazi, na hazihitaji cheti cha ulemavu. Wa pili unamfuata mtu mwenyewe: agizo la mwaka 2010, lililotolewa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, lilimsamehe mwenye cheti shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi, sawa na shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na kinachozidi hapo hutozwa kama kawaida. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mwenye nacho analazimika kujaza ritani kila mwaka, na kwenye ritani lazima aeleze kwamba anacho na aandike nambari yake, la sivyo mashine haimjui. Cheti kikimwishia mwezi wa Mei naye akaendelea na biashara hadi Desemba, mwaka wake mmoja umegawanyika vipande viwili, na sijawahi kumwona kijana wa saiba aliyeuliza tarehe hiyo.

Mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria inapobadilika, watu wenye vyeti vya zamani huingiwa na hofu, na wenye maneno mengi hupata riziki. Tafadhali toeni tangazo la kurasa mbili, moja tu, mtie sahihi pamoja, likisema waziwazi cheti cha zamani kinahesabiwaje, kadi inafanya nini, cheti kinafanya nini, na mstaafu mwenye ulemavu aliye na pensheni na biashara aandike nini katika kila sehemu. Mkumbuke pia kwamba mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60, kwa hiyo kuna watu ambao kwa miaka yao 5 ya mwisho kazini walitumia cheti kwenye mshahara, kisha wakahamia msamaha wa pensheni katikati ya mwaka. Mtu wa namna hiyo ana P9 ya nusu mwaka, pensheni ya nusu mwaka na cheti kimoja, na nitakuwa mkweli kwenu: wa kwanza aliponijia sikuthubutu kumgusa, nikamwambia twende kwa mhasibu.

Kuna kundi jingine dogo ambalo halina msemaji. Sheria ya Ushuru wa Mapato, katika jedwali lake la kwanza, inasamehe pensheni na kiinua mgongo kinachotolewa kwa ajili ya majeraha au ulemavu uliosababishwa na vita. Jeshi letu liliingia Somalia mnamo Oktoba 2011, na vijana waliorudi na vipande vya chuma mwilini sasa ni watu wazima wenye familia. Je, majeraha yale yanahesabiwa kuwa ya vita kwa maana ya jedwali hilo? Na askari polisi aliyelemazwa na bomu la kutegwa barabarani karibu na mpaka, ambaye hakuwa mwanajeshi, yeye yuko upande gani? Mimi nina maoni yangu, lakini maoni ya mwalimu wa Kisauni hayamlindi askari atakapoulizwa. Waandikieni watu hao jibu, na liandikwe kwenye karatasi yao ya pensheni.

Suala la lugha sikutaka kuliacha mwisho kana kwamba ni mapambo. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na ibara hiyo hiyo inaitaka serikali iendeleze lugha ya ishara ya Kenya, maandishi ya nukta nundu na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Ibara ya 57 nayo inazungumzia haki ya wazee kuishi kwa heshima. Mzee anayeijua vizuri pensheni yake, anayeweza kukueleza tangu shilingi ya kwanza aliyolipwa, hugeuka bubu mbele ya fomu ya Kiingereza chenye maneno ambayo hata wanasheria huyasoma mara mbili. Hapo ndipo anapomkabidhi kijana nambari yake ya siri, na nambari hiyo ya siri ikabaki saiba. Fomu ya mstaafu ikiandikwa kwa Kiswahili, ikiuliza maswali kwa mpangilio ambao mtu huyatafakari nyumbani kwake, yaani ulilipwa na nani, ulilipwa kiasi gani, ulistaafu kwa sababu gani, una mapato mengine au huna, wengi wataijaza wenyewe au pamoja na wajukuu wao.

Nimesema mapato mengine kwa makusudi. Sitaki mdhani kwamba naomba wazee waachwe bila kuulizwa. Wapo miongoni mwetu wenye vyumba vya kupangisha, na msamaha wa pensheni haufuniki kodi wanayolipwa na wapangaji. Anayepokea kodi ya makazi kuanzia shilingi 288,000 kwa mwaka ana ushuru wake wa asilimia 7.5 wa kila mwezi, na aliye chini ya hapo anaandika mapato hayo kwenye ritani ya mwaka. Wapo pia waliorudi kazini kwa mkataba baada ya kustaafu, na ambao nafuu ya mtu binafsi waliwahi kupewa mara mbili, mara moja kwenye pensheni na mara moja kwenye mshahara, ilhali mtu ana haki ya nafuu moja tu. Hao walipojaza ritani vizuri walijikuta wana deni la kweli, na nikawaambia walipe. Ritani ya sufuri inayobonyezwa kwa mazoea inawaficha hao pia. Fomu yenye mahali pa kuandika pensheni iliyosamehewa itawafaa ninyi kama itakavyotufaa sisi.

Kuhusu madeni yaliyokwisha kuandikwa, nina ombi ambalo linawezekana kwa takwimu mlizo nazo. Mnayo PIN ya mifuko inayolipa pensheni na mnayo PIN ya kila mstaafu anayelipwa nayo. Tafuteni ritani ambazo pensheni yote iliwekwa kwenye safu ya mshahara huku anayelipa hakukata ushuru wowote, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo alama ya kosa la mama muuguzi. Waandikieni watu hao kabla ya kuwatumia ilani ya deni. Sheria inampa mtu nafasi ya kurekebisha ritani yake na ya kudai alicholipa zaidi ndani ya miaka 5, na inampa siku 30 za kupinga makadirio asiyokubaliana nayo, lakini haki hizo anazitumia yule anayejua kwamba amekosewa. Mzee mmoja wa hapa mtaani alilipa deni la namna hiyo kwa awamu, shilingi 3,000 kila mwezi, kutoka kwenye pensheni ambayo haikudaiwa chochote. Alipogundua, aliniuliza kama ni aibu kuomba arudishiwe. Nikamwambia si aibu, tukaanza kuandika.

Natuma barua hii mapema ili mpate muda. Mama muuguzi ameniahidi kuja na bahasha yake wiki ya kwanza ya Juni, na safari hii anataka kubonyeza mwenyewe. Nimemwomba asiguse kitu kwenye ile safu ya pensheni mpaka nipate jibu lenu kuhusu nini kiandikwe humo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa